Mama mkwe alivyovuta waipa mpaka Uyole

Kwa miaka miwili nilinunua raba. Waipa za gari langu zikileta shida yoyote, mimi nakimbilia raba, kwa sababu raba ndiyo inayoonekana, na ndiyo unayoletewa dirishani ukiwa kwenye foleni pale Mafiati, Mbeya mjini: "Bosi, waipa hizo zimekwisha, nikupe mpya?" Elfu kumi, kijana anakufungia palepale, unaondoka ukiamini umemaliza kazi.

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamia Dodoma, likiwa limeshatembea kilomita laki mbili na kitu. Injini haikuwa na neno. Bodi ilikuwa na kutu kidogo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapotokea, nikajiambia kutu ya hapo si ya kunikosesha usingizi. Nyumbani naliegesha chini ya mparachichi, kwa sababu ndicho kivuli pekee tulicho nacho uani.

Kwetu Mbeya mvua huanza Novemba na kwenda mpaka mwezi wa nne, mwaka mwingine hadi wa tano. Baada ya hapo ni kiangazi, na waipa hazina kazi. Zinalala juu ya kioo miezi mitano zikipigwa jua, vumbi linagandamana na raba, na mvua ya kwanza inazikuta ngumu kama soli ya kandambili kuukuu. Ndiyo maana Novemba mji mzima unalia kwii, kwii. Raba nzima ina ulimi mwembamba ambao unatakiwa ulalie upande mmoja waipa ikipanda, kisha ugeukie upande wa pili ikishuka. Ukikauka haugeuki tena. Unasukumwa kinyume, waipa inarukaruka kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Wakati mwingine raba ni mpya kabisa na bado inaruka, kwa sababu mkono wenyewe umepinda kidogo na ulimi haukisimamii kioo wima. Hilo nalo lilinigharimu jozi mbili kabla sijaambiwa.

Kuna na wale wanaofuta kioo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa "ili kiteleze". Nilijaribu mara moja. Mchana kilipendeza. Usiku, gari la kwanza lililokuja mbele yangu lilikigeuza kioo kizima kuwa mwanga mmoja mweupe, nikasimama pembeni moyo ukinienda mbio. Tangu hapo ni maji, sabuni kidogo, na kitambaa safi kwa ajili ya ulimi wa raba. Utashangaa weusi utakaotoka.

Lakini raba haikuwa ugonjwa wa gari langu. Dalili zilianza kuja za aina nyingine. Kwanza waipa zikawa nzito. Nikiziweka mwendo wa chini zilikuwa zinapanda kama mzee anayepanda ngazi, na nikiwasha taa kubwa zinazidi kuchoka. Kisha zikaanza kusimama popote. Nikizima swichi hazirudi chini kulala, zinabaki katikati ya kioo mbele ya macho yangu. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, gari lako limenyoosha mikono." Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, nikaenda kununua raba.

Halafu fyuzi ikakatika, mara mbili ndani ya wiki moja. Fundi umeme niliyempata siku hiyo akaitoa ile ya ampea 20, akaweka ya 30, akasema, "Hii haikatiki tena." Na kweli haikukatika. Kilichoanza ni harufu ya plastiki inayopata joto, kila mvua ikizidi dakika kumi. Leo najua kwamba fyuzi imewekwa iwe dhaifu kuliko waya makusudi, ife yenyewe waya upone. Ukiweka kubwa zaidi hujatibu kitu. Umechagua tu kwamba safari hii kitakachoungua ni waya, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi.

Fundi wa pili, tena kwa haki kabisa kwa macho ya nje, akasema mota imechoka. Nikanunua ya mtumba kwa elfu sitini. Kwa wiki tatu gari lilikuwa jipya. Waipa zinakimbia, zinalala zinapotakiwa kulala, na mimi nilikuwa naziwasha hata pakiwa na umande tu ili nizione.

Wiki ya nne ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Nilikwenda Tukuyu kumchukua mama mkwe. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na asubuhi iliyofuata alitakiwa kuwa kliniki Mbeya mjini. Mimi na mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, hatukuwa watu wa maneno mengi. Yeye hukaa kiti cha nyuma, mimi naendesha, tunazungumzia mvua, bei ya ndizi, tunafika. Siku hiyo alikuja na mkungu wa ndizi na kiroba cha mchele wa Kyela kilichofungwa kwa kamba ya katani, akakataa katakata kisiwekwe kwenye buti. Kikakaa naye nyuma kama abiria.

Anayeijua Rungwe, wilaya ya Tukuyu, anajua mvua yake. Tukuyu kunaponyesha mtu hasemi "mvua imeanza", kwa sababu hakumbuki ilikoma lini. Tulipita Kiwira saa kumi na moja jioni, barabara ikaanza kupanda kuelekea Isyonje, na ukungu ukashuka kutukuta. Malori yanayotoka mpaka wa Kasumulu yalikuwa yanapishana nasi, kila moja likiturushia ndoo ya tope. Kwenye lori la tatu au la nne nikasikia *tak!* chini ya kioo. Waipa zikaenda hadi juu, zikarudi chini, zikalala.

Mota ilikuwa bado inaunguruma. Niliisikia vizuri kabisa, *ngrrr, ngrrr*, inazunguka bila kubeba kitu. Hata hapo akili yangu ilikwenda kwenye fyuzi. Nikasimama pembeni, nikatoka kwenye mvua, nikafungua kasha la fyuzi, nikaikuta ile ya 30 nzima. Nikaibonyeza kwa kidole kana kwamba itaona aibu.

Pale niliposimama palikuwa na kibanda cha wauza viazi, zile sado zimepangwa kando ya barabara na kufunikwa turubai. Kijana aliyekuwa ndani akaniangalia kidogo, akachukua kiazi kimoja kibichi, akakikata kati kwa kisu na kuniletea. "Futa kwanza tope, halafu paka hiki nje. Madereva wa Fuso wanafanya." Nilikuwa nimewahi kusikia habari za tumbaku ya sigara, kiazi sikuwahi. Nikafuta, nikapaka kioo kizima upande wangu. Kwa kweli kinafanya kazi. Utomvu wake unayazuia maji yasisimame matone matone, yanatandaa na kuwa utando mmoja unaoteleza, na nyuma ya utando huo unaiona barabara, japo inacheza kama kitu kilicho chini ya mto. Kiazi kinaweza manyunyu. Tope la lori hakiliwezi. Tulikwenda labda kilomita mbili, lori likatupita, nikawa kipofu.

Nikasimama tena. Mama mkwe, ambaye tangu *tak!* hakuwa amesema neno, akauliza kutoka nyuma, "Baba Neema, huoni?"

"Sioni, mama. Naona ukungu tu na mwanga."

"Sasa na wewe unaona kama ninavyoona mimi."

Hakusema kwa kunicheka. Alisema kama mtu anayekukaribisha kwake. Kisha nikamsikia anahangaika na kitu pale nyuma, na kabla sijageuka alikuwa amekwisha fungua kiroba cha mchele na kunipa ile kamba.

Mimi nisingewaza kamba. Yeye alikuwa amewaona madereva wa zamani wa mabasi ya kwenda Kyela wakifanya hivyo. Unafunga ncha moja kwenye mkono wa waipa wa kulia, ncha nyingine kwenye wa kushoto, na kamba yenyewe inapita ndani ya gari kutoka dirisha moja hadi la pili. Ukivuta huku zinapanda, ukivuta kule zinashuka. Kiroba kikafungwa kwa kanga yake, naye akahamia mbele, kiti ambacho kwa miaka tisa ya ndoa yangu hakuwahi kukikalia. Kamba ya upande wangu ikapita kifuani kwangu hadi mikononi mwake.

"Niambie nivute lini," akasema, "mimi sioni kama kimechafuka."

Basi tukapanda Isyonje namna hiyo, kilomita 15 au 20 kwa saa, taa za tahadhari zinawaka, mimi naita "Vuta!" na yeye anavuta, kushoto, kulia, madirisha mawili wazi na mvua inaingia ndani kama imelipa nauli. Baada ya muda sikuhitaji kuita. Alishika mdundo wake mwenyewe, akaanza kuimba chini chini kwa Kinyakyusa, mapigo ya wimbo yakawa mapigo ya waipa. Mahali fulani baada ya Isyonje kamba ilivuta mkono wa kulia kando, raba ikachomoka na kwenda zake, na chuma kitupu kikapita juu ya kioo mara mbili, *krrrr*, kabla sijapiga kelele aache. Nikasimama, nikahamishia raba ya upande wake upande wangu, tukaendelea.

Ningekuwa na akili ya leo nisingefanya safari ile. Ningelala Kiwira au ningekaa kwenye kibanda cha viazi mpaka mvua ikatike. Giza lilikuwa linaingia, miadi ilikuwa asubuhi, na nilikuwa na ile haraka ya mtu ambaye ameshaanza jambo.

Uyole, pale unapoingia Mbeya mjini, trafiki akatusimamisha. Tochi yake ikapita kwenye kioo, ikafuata kamba mpaka dirishani, ikamkuta mama mkwe, mkono umelowa hadi begani na kamba imezungushwa kiganjani. Ikarudi kwenye kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, mama." Akanigeukia. "Mwalimu, washa waipa."

Mama mkwe akavuta. Waipa zikapanda. Yule askari akageuka pembeni, mabega yakimtetemeka. Lakini aliniandikia, 30,000, na sikuwa na la kubisha.

Baadaye, nikitafuta kuelewa kilichotokea, nilisoma kwamba mojawapo ya waipa za kwanza kabisa ilikuwa ya kuvutwa kwa mkono. Mwanamke wa Alabama, Marekani, aitwaye Mary Anderson, alipata hataza mwaka 1903 ya mkono wenye raba ambao dereva anauendesha kwa wenzo kutoka ndani. Inasemekana wazo lilimjia akiwa New York wakati wa baridi, alipomwona dereva wa tramu akihangaika na theluji kwenye kioo chake. Hakupata senti ya maana kutokana nalo. Nilimsimulia mama mkwe. Akauliza huyo Mary alikuwa anampeleka mkwe wake wapi.

Aliyetengeneza gari ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo isiyo na hata bango. Nilimwambia mota imekufa tena. Hakuigusa. Alinyanyua waipa kutoka kwenye kioo, akaisukuma kwa kidole, ikasogea. "Mota ingekuwa ndiyo imekufa," akasema, "usingeweza kuvuta kamba. Meno ya mota yanajifunga yenyewe, mkono hausogei hata ukiubembea. Hii imeachia huku chini." Nilijisikia kama mwanafunzi aliyekaa na jibu mfukoni mtihani mzima. Ile *ngrrr* ya mota ilikuwa imeniambia hivyo hivyo.

Akatoa vifuniko, akafungua nati mbili kwa spana ya 14, akachomoa mikono, kisha lile kava la plastiki lililo chini ya kioo. Ndani mulikuwa na mparachichi wangu. Majani ya miaka, meusi, yameoza na kuwa udongo, yameziba matundu ya kutolea maji. Maji ya mvua yalikuwa yanasimama humo kama kwenye beseni, na katikati ya beseni ndimo vinamozungukia vile vyuma viwili vinavyobeba mikono ya waipa. Mzee akakishika kimoja akanipa. "Zungusha." Kinatakiwa kizunguke kwa vidole viwili. Changu hakikusogea mpaka nilipotumia koleo.

Mambo yote yakajipanga. Vyuma vimekamatwa na kutu, kwa hiyo mota inasukuma kitu kisichotaka kusukumwa. Inavuta umeme mwingi, fyuzi inakatika. Unaweka fyuzi kubwa, waya unapata joto. Unaweka mota nyingine yenye nguvu, nayo inasukuma kwa bidii zaidi, na kinachosalimu amri ni kile kikombe kidogo cha plastiki kinachoshika gololi ya linkeji, yaani vile vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa; ni kitu cha ukubwa wa ukucha wa gumba, kilichokuwa kimelika taratibu tangu siku za raba ya kwanza.

Kikombe hicho hakiuzwi peke yake, angalau sisi hatukukipata Mwanjelwa nzima. Nilinunua linkeji kamili kutoka gari lililochinjwa, elfu ishirini na tano. Kabla ya kuifunga, mzee aliisafisha, akaijaribu kwa vidole viwili, akaweka grisi, akasugua kwa brashi ya waya pale waya wa hasi unapogusa bodi, na kurudisha fyuzi ya 20. Ile ya 30 alinikabidhi mkononi bila kusema kitu.

Jambo moja alilonifundisha ninalitumia mpaka leo. Mikono usiifunge kwa kukisia. Kwanza washa mota bila mikono, iache izunguke, zima swichi, isimame yenyewe mahali pake pa kulala, ndipo uweke mikono ikiwa chini. Mimi nilijaribu kuifunga mwenyewe mwaka uliofuata, nikaruka hatua hiyo, waipa ya kulia ikaenda kugonga nguzo ya mlango kwa kishindo ambacho majirani walitoka kukiangalia. Sasa nabandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kioo, pale waipa ilipolala, kabla sijagusa nati. Na mkono ukiwa hauna raba, weka taulo kubwa juu ya kioo, maana springi ya mkono ina nguvu na ukikuponyoka unaanguka na chuma chake.

Gari bado linalala chini ya mparachichi, hatuna kivuli kingine. Ila kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi naingiza mkono chini ya kava na kutoa majani, kisha namwaga kopo la maji na kuangalia kama yanatokea chini nyuma ya gurudumu. Yakichelewa, natafuta kilichoziba.

Mama mkwe alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Siku ya kumrudisha Tukuyu alikwenda moja kwa moja kiti cha mbele, bila kuulizwa, akafunga mkanda. Isyonje mvua ikatukuta kama kawaida yake. Nikawasha waipa, zikapanda na kushuka bila sauti, naye akawa anaziangalia kwa muda mrefu kama anayekagua kazi ya mrithi wake. Halafu akakunja uso.

"Baba Neema, hiki kioo nani amekikwaruza?"

Alama ipo hadi leo, upinde mwembamba upande wangu, kuanzia chini hadi karibu na nguzo. Jua likiwa la jioni unang'aa.

"Ni wewe, mama. Siku ya kamba."

Akasogeza uso, akaufuata ule mstari kwa kidole kutoka chini hadi juu, polepole, na waipa ikipita upande wa pili wa kioo. Kisha akauliza kama ule mchele tulishaumaliza.